Dawa Isiyo na Mwiko

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto, na sioni haya kusema. Mbwa akibweka mara mbili natoka nje kutazama. Ugali ukiiva vizuri siku ya wageni najiuliza ni kitu gani kingine kitakachoharibika. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku ya kiama malaika watanikuta nimeshakaa mlangoni na mzigo nimefunga. Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi hata chembe, na kwa muda mrefu baadaye nilimkasirikia kwa hilo, kana kwamba tungegawana ule wa kwangu nusu kwa nusu mambo yangekwenda vingine.

Tulikaa nje kidogo ya Njombe, kwenye mji wa wakwe zangu, chini yake kijito na nyuma yake mianzi. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Tulikuwa mimi, mume wangu, mtoto wetu wa kwanza ambaye bado alikuwa ananyonya, na mama mkwe. Mama mkwe alijulikana kwa jambo moja: vidonda. Mtu akijikata kwa jembe, akiungua, akikanyaga kisiki, aliletwa kwake. Alikuwa na chungu cheusi cha kazi hiyo tu. Alichemsha maji na chumvi na majani machungu, akaosha, akakamua, akafuta, kisha akapaka majivu ya magunzi. Sikumbuki kidonda kilichooza mikononi mwake, na sikumbuki siku aliyoacha kutueleza hivyo.

Vita vya pili vya Wazungu vilipoanza, sisi hatukuona bunduki. Tulichoona ni sista akichukuliwa. Alikuwa Mjerumani, mwuguzi wa misheni yetu ya Kilutheri, mrefu, mkali, aliyetugombeza kwa Kiswahili kibovu kwa sababu ya maji yasiyochemshwa. Nusu ya watoto wa kanisani walipokelewa na mikono yake. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: akikutibu leo, baada ya siku kadhaa anakuja mwenyewe kwako kwa miguu kuangalia. Hata kama umepona anataka kuona. Likaja gari na askari, akaruhusiwa sanduku moja, akaondoka amekaa wima bila kugeuka. Jumbe alituambia tusiulize sana, kwamba ni kwa ajili ya usalama, maana huyu sasa ni adui. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mimba kubwa alimuuliza jumbe kama basi atakuja yeye kumzalisha. Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa nilikuwa nimezaa muda si mrefu na nilijua tumenyang'anywa nini.

Zahanati akabaki nayo dresa peke yake. Ndivyo walivyoitwa wale vijana waliofundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa. Huyu alitoka upande wa Mlangali, kijana safi, kaptura yake ya kaki ilisimama kwa wanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebebeshwa kazi ya watu watatu akiwa bado anajifunza ya mmoja.

Kisha zikaja habari za ndui. Ilionekana huko kwenye barabara kuu, watu wakasema, na haikuchukua muda tukaitwa barazani Njombe. Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa boma, alizungumza Kiingereza na karani wake akageuza. Neno usalama lilirudi kila baada ya maneno machache. Kulikuwa na usalama wa barabara, usalama wa majeshi, usalama wa kazi, na mwishoni, karani alipokuwa ameshaanza kukunja karatasi, usalama wa raia. Nilitazama mpangilio ule na moyo ukaniuma. Nilijua jinsi chakula kinavyopakuliwa: wa mwisho hula kilichobaki.

Tukaamriwa kuchanjwa. Siku ya kuchanjwa tulipangwa kwenye uwanja wa kanisa, nyumba baada ya nyumba. Dresa alikuwa na mirija myembamba ya kioo yenye dawa ndani, taa ndogo ya kuchomea sindano, na haraka. Alimchanja mume wangu, akanichanja mimi, akamchanja mtoto aliyelia mpaka akakauka sauti. Ilipofika zamu ya mama mkwe, yeye hakunyoosha mkono kwanza.

"Mwanangu," alimwambia dresa, "mwiko wake nini?"

"Mwiko gani, mama?"

"Wa dawa hii. Tusile nini, tusiguse nini, tukae siku ngapi."

Watu nyuma yetu walitega masikio, maana kila mmoja alitaka kujua. Kwetu mganga akikuchanja chale na kukupaka dawa, hakuachi uende hivi hivi. Anakufunga kwa mwiko. Usioshe pale mpaka siku fulani, usile chumvi, usimpe mtu mkono. Mwiko ndio kufuli la dawa. Wakristo tuliambiwa tuachane na waganga, na wengi tuliachana nao, lakini hilo la mwiko halikutoka vichwani mwetu. Dresa alimwona mwinjilisti amesimama karibu, akapaaza sauti ili asikike naye.

"Dawa ya serikali haina mwiko, mama. Hayo ni mambo ya kienyeji. Nendeni nyumbani mkafanye kazi zenu."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akachanjwa, akaondoka. Njiani aliniambia alichokuwa anafikiri. Dawa isiyo na mwiko si dawa. Na kama si dawa, basi yule kijana ametukwaruza tu, na tulichobeba mikononi ni vidonda. Na vidonda alijua la kufanya navyo.

Tulipofika nyumbani chungu kikawekwa motoni. Alianza na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, akamkalisha kwenye kigoda na kumkamua mkono mpaka damu safi ikatoka. Mume wangu alinikonyeza na kumwacha mama yake afanye. Kisha akaja kwangu, kisha mtoto, na mwisho akajiosha mwenyewe. Maji ya moto, chumvi, majani, majivu. Kutoka nyumba za jirani nilisikia watoto wakilia vilevile, kila mama na maji yake. Jumapili iliyofuata wanawake walikunja mikono ya blauzi nje ya kanisa wakaonyeshana. Ngozi ilikuwa safi kabisa, huwezi kujua hata palipochanjwa. Mama mkwe alisifiwa na watu aliowafundisha, na alizipokea sifa zile kama mtu aliyezizoea. Mimi pia nilifurahi. Kwa mara moja kulikuwa na kitu ambacho hakikuharibika.

Haukupita muda serikali ikaweka kizuizi Makambako, pale njia yetu ya kutoka Njombe inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na Iringa. Walitaka mtu anayejua kusoma, mume wangu akachukuliwa. Alipewa kofia na fimbo. Kazi yake ilikuwa kuinua na kushusha mti uliolazwa njiani, na kukagua mikono ya waendao kwa miguu. Yeye mwenyewe hakukaguliwa. Jina lake lilikuwa miongoni mwa waliochanjwa, na hilo lilitosha.

Alirudi nyumbani mara moja tu, kwa mapumziko mafupi. Alikuwa amenenepa kidogo, akatembea na kofia yake hata akienda kuteka maji. Alinihadithia malori. Jeshi lilikuwa linapita kutoka kusini kwenda kaskazini, msururu wa malori ambao ukianza asubuhi, chai inapoa kabla haujaisha.

"Na hao wa malori mnawakagua mikono?" nilimuuliza.

"Malori hayasimami kwa ajili yetu. Tukiona vumbi tu tunainua mti."

"Kwani ndui haipandi lori?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Nenda kamuulize Bwana Shauri. Sisi tumeambiwa yale malori yanakwenda kuweka usalama wa dunia nzima. Wa kukaguliwa ni sisi wenye majembe."

"Lakini wanashuka?"

"Wanashuka wakitaka maji ya moto kwa chai. Tunapeana mikono, tunavuta sigara pamoja. Watu wazuri. Tazama, wamempa mtoto biskuti."

Alizitoa mfukoni zimefungwa kwenye kitambaa. Alipokwenda kuwaona rafiki zake nilizimwaga kwa kuku, nikaosha mikono, nikaosha na kitambaa. Alipojua alininunia jioni nzima. Aliniambia nitamlea mtoto awe mwoga kama mimi. Nilimjibu kwamba mwoga hata kama anachekwa anabaki hai. Tuliachana asubuhi yake tukiwa tumepatana, ila si sana.

Habari ilikuja na jirani yetu aliyekuwa akipeleka maharage Makambako. Nilikuwa nachuma majani ya maboga karibu na kijito. Kwetu mwenye habari haropoki. Anaingia, anakaa, mnaamkiana mpaka mwisho, anapewa kitu cha kunywa, ndipo anasema. Huyu alisimama ng'ambo ya maji. Aliita "Kamwene", salamu yetu, kutoka kule kule, na nilipomwitikia hakuvuka. Niliyaweka majani chini kabla hajasema neno jingine.

"Shemeji, mumeo ameingia vibandani."

Vibanda vilijengwa kwa nyasi mbali kidogo na kizuizi, kwa ajili ya wagonjwa wa ndui. Alisema ana homa kali, mgongo unamuuma, na upele umeanza usoni. Aliyeruhusiwa kumpelekea chakula ni mzee mmoja aliyewahi kuugua ndui akapona. Jirani alipokwisha kusema aliondoka upesi bila kuaga, naye alikuwa mtu ninayemheshimu.

Mama mkwe alitaka kuondoka saa ile ile. Alikuwa ameshajifunga nguo kiunoni na kuulizia fimbo. Magoti yake hayakuweza hata kupanda kwenda kanisani bila kupumzika. Nilimwambia nitakwenda mimi.

"Basi nenda na mtoto," alisema, "huyo ameshachanjwa."

Nikaushika mkono wa mtoto nikaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Hapakuwa na kitu. Ngozi laini, nyeusi, nzuri. Nikakumbuka mkono wa mume wangu siku alipokuja likizo, aliponawa kifua wazi uani: nao ulikuwa laini hivi hivi. Pale ndipo hofu ilipoacha kuwa mzaha wa nyumbani kwetu. Sikumwambia mama mkwe ninachofikiri. Nilimwambia napitia zahanati kwanza.

Dresa alinipokea amechoka, kaptura haina wanga tena. Alimtazama mtoto mkono wa kulia, akatazama wa kushoto.

"Kovu liko wapi?"

"Kidonda kilipona."

"Kilipona lini?"

"Kabla ya Jumapili ile ile."

"Hakikuvimba? Hakikutunga maji, kikafanya gamba?"

"Kilioshwa," nilimwambia. "Kikakamuliwa, kikapakwa majivu. Kwetu wote tulioshwa."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Akauliza ni nani aliyetuambia tuoshe. Nikamuuliza ni nani aliyetuambia tusioshe. Hatukuwa tunagombana, sote wawili tulikuwa tunaogopa. Alinieleza basi, polepole, kwamba ile dawa hufanya kazi ikiachwa pale pale, mkono uugue kidogo, gamba likauke na kuanguka. Sista akichanja watu alikuwa akirudi siku ya nane, nyumba kwa nyumba, kutazama kama imeshika. Yeye hakuamriwa kurudi. Aliamriwa kuchanja na kupeleka majina bomani.

"Mume wangu ni askari wa kizuizi," nilimwambia. "Yuko vibandani."

Nikamwomba amchanje mtoto upya. Alinionyesha chungu kilichofunikwa kitambaa cha maji, mirija iliyobaki imelala ndani kwenye ubaridi. Yote ilikuwa ya manamba, wale vijana walioandikwa kwenda mashamba ya mkonge, ambao lori lao lingeondoka asubuhi. Amri ilisema kila namba achanjwe, ili ndui isiingie mashambani, kwa sababu mkonge ni kamba na kamba ni za meli za vita. Dawa nyingine ingeletwa kutoka Iringa, hakujua lini. Raia wasubiri. Alisema neno hilo, raia, huku akinitazama, na nadhani aliona aibu.

Nililala kwa shangazi yangu karibu na boma, au tuseme nilijilaza. Mawazo yangu yalikuwa mawili tu na yalipigana. Mume wangu alikuwa anakufa peke yake na mimi niko hapa. Na nikienda kwake nimembeba mtoto huyu, nampeleka mtoto kwenye moto. Kumwacha nyumbani kulikuwa vilevile, kwa kuwa kijiji kizima mikono yao ilikuwa misafi, na jirani wa maharage alikuwa anapita njia ile kila wiki.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Manamba walipangwa mstari mbele ya lori, wamejifunika mablanketi mapya. Nikasimama mwisho wa mstari na mtoto wangu mgongoni. Sikuwa na mpango. Miguu ndiyo iliyonipeleka.

"Mama," nyapara wao aliniuliza, "na wewe unakwenda kukata mkonge?"

"Nitakata," nilimjibu.

Walicheka wote, naye akaniacha akidhani ninamuaga mtu. Mbele yangu alisimama Mkinga mmoja wa Ipelele, huko milimani kuelekea Kitulo. Alipogeuka kunitazama niliona uso wake umejaa makovu ya ndui, mashimo kwa mashimo, hata kwenye kope. Aliniuliza kwa nini nimesimama hapa na mtoto. Nikamwambia yote, nikilia, huku mstari unasogea. Sikuwahi kumwambia mgeni mambo mengi namna ile.

Ilipofika zamu yake alimwambia dresa, "Mimi na ugonjwa huu tulishamalizana nikiwa mtoto. Hauji mara mbili."

"Najua," dresa alisema. "Lakini amri inasema kila namba."

"Haya, nikwaruze kwa sindano kavu, alama ionekane. Dawa yangu mpe huyu mtoto."

Dresa alitazama upande wa nyapara. Nyapara alikuwa amepanda tairi la lori akigombana na dereva. Dresa akamkwaruza yule Mkinga mkono kwa sindano kavu, damu ikatoka kidogo. Kisha akavunja mrija. Mimi nilikuwa nimeshamfungua mtoto. Tone lilikuwa dogo mno, nikaona kama limekwisha hewani kabla halijafika kwenye ngozi. Nilimzuia dresa mkono.

"Mwiko wake nini?"

Safari hii hakupaaza sauti. "Mkono huu usioshwe mpaka gamba lianguke lenyewe. Usipakwe majivu, wala mafuta, wala majani. Asiuguse mtu, hata bibi yake."

"Na chumvi?"

Alifikiri. "Wewe usile chumvi nyingi," alisema. Naamini aliiongeza ili mwiko uwe na uzito.

Yule Mkinga alipanda lori, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Sikumuuliza hata jina. Nilikuwa namtazama mtoto mkono.

Nyumbani niliutaja mwiko wote mbele ya mama mkwe, na ule wa chumvi nikauweka kwanza. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kwa nini mtoto amechanjwa tena. Alichukua chungu chake cheusi akakipeleka nyuma ya ghala la mahindi, akakifunika kwa ungo. Tangu saa hiyo hakuna jirani aliyeruhusiwa kumsogelea mjukuu wake. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wanawake wenzangu kwamba ile ya kwanza tuliiosha, na kwamba dawa ikija kutoka Iringa ina mwiko. Walishtuka, wengine walinikasirikia mimi. Dawa ilikuja baadaye sana, nao walikwenda, na hakuna aliyeosha.

Nikaanza kungoja. Mkono wa mtoto ulikaa kimya siku ya kwanza, siku ya pili, na siku ya tatu nikasema imekataa. Habari za Makambako zilikuja kwa sauti kutoka ng'ambo ya kijito: yuko hai, uso umevimba, ameomba maji, yuko hai. Nilikuwa nangojea mwili mmoja uvimbe na mwingine unywee, na sikuwa na la kufanya kwa wote wawili. Nilimchukia kila mtu aliyeniambia nitulie. Kwa nini sikuondoka tu? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni lile lile. Yule mkubwa sikuweza kumsaidia kitu. Huyu mdogo nilikuwa na kitu kimoja cha kumsaidia, nacho kilitaka nikae.

Asubuhi moja nilipompakata alikuwa anawaka homa, na mkono umeinuka kipele chekundu chenye maji katikati. Nilicheka na kulia pamoja. Sijui kama kuna mama mwingine aliyemshukuru Mungu hivyo kwa ugonjwa wa mwanawe. Mama mkwe alikitazama kile kidonda, kimeiva, kibaya, kinatoa usaha, na nikaona vidole vyake vinacheza. Akavikalia. Kweli, aliweka viganja vyake chini ya mapaja akavikalia, akabaki hivyo mpaka nilipomfunika mtoto.

Gamba lilipoanza kukauka nikaondoka. Mama mkwe alinijazia kibuyu cha uji wa ulezi wa mwanawe. Njiani tulilala kwa familia moja ya Kikatoliki karibu na misheni yao. Waliposikia ninakokwenda walitupa ghala la mahindi tulale humo, na chakula wakakiacha mlangoni wakarudi nyuma. Sikuwalaumu. Ningefanya vilevile, na ningesogea mbali zaidi.

Makambako kulikuwa na upepo na vumbi. Kwenye mti wa kizuizi alisimama kijana mwingine, na kichwani alikuwa amevaa kofia ya mume wangu. Niliijua kwa mshono wa pembeni, nilioshona mwenyewe. Kabla hata sijamsalimu nilimwambia aivue aichome moto.

"Ni mali ya serikali," alisema, akaishika isipeperuke.

Akautazama mkono wa mtoto. "Huyu apite." Kisha akaniambia nikunje wa kwangu. Nikakunja. Nilipoona anavyoutazama ndipo nilipoutazama na mimi. Ulikuwa msafi. Mimi mtu wa wasiwasi, niliyekesha kwa mkono mmoja mdogo, nilikuwa nimejisahau kabisa.

"Wewe hapana," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Mtoto anaweza kupita. Wewe huwezi."

Vibanda vilionekana kutoka pale, ng'ambo ya barabara kuu, kwenye mteremko. Nilimwomba basi aite. Aliita, na yule mzee mtunzaji akatoka, akasikiliza, akaingia kibandani. Alitoka amemshika mtu aliyejifunika blanketi la serikali. Uso sikuutambua, na sitausimulia. Nilimtambua alivyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, kama alivyosimama mlangoni kwetu kila siku akiniuliza leo naogopa nini.

Nilimnyanyua mtoto juu kadiri mikono yangu ilivyofika, nimemvua shati, mkono wenye gamba ukiwa mbele. Nikapiga kelele kwamba imeshika. Nilirudia mpaka sauti ikakatika, imeshika, imeshika. Sijui kama alisikia, lakini alielewa, maana aliinua mkono wake taratibu kutoka chini kwenda juu, vile alivyozoea kuinua ule mti.

Hapo vumbi likaonekana upande wa Mbeya. Askari alituvuta pembeni, akakimbilia mti akauinua. Malori yakapita kati yetu, moja baada ya moja, askari wamekaa nyuma wamejaa, wengine wakiimba, mmoja akampungia mtoto wangu. Hakuna aliyesimamishwa. Nilisimama nimemkumbatia mtoto uso kifuani, nikiomba yaishe, na hayakuisha upesi. Vumbi lilipotulia mteremkoni hapakuwa na mtu. Nilikabidhi kibuyu cha uji kwa yule mzee kwa kukiweka chini na kurudi nyuma.

Alifariki nikiwa njiani kurudi. Habari ilinipita, ikafika kijitoni kwetu kabla yangu, na nilipotokea kwenye mianzi nilimkuta mama mkwe amekaa nje, ameshanyoa nywele. Njia nzima nilikuwa nimetunga la kumjibu akiniuliza juu ya mkono wa mwanawe, kwa nini yeye haikumkinga. Nilikuwa tayari kudanganya.

"Aliuona mkono wa mtoto?" aliniuliza.

"Aliuona, mama."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakuuliza jingine, si siku ile wala maisha yake yote. Baada ya muda alinyanyuka, akaenda nyuma ya ghala, akarudi na chungu chake cheusi. Alikisugua kwa mchanga, akakisuuza, akakisugua tena, akakiweka kwenye mafiga na kumimina maharage. Kikawa chungu chetu cha maharage mpaka kilipovunjika, na akiletwa mtu aliyejikata kwa jembe, mama mkwe alimwambia aende zahanati.